Land Rover ya mjomba: sayansi ya kufufua gari la jeshi uani kwako

Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani, Kariakoo, kabla hujaona chochote unasikia nyundo. Kuna mtu anagonga bati, mwingine anachomelea, wa tatu kakaa juu ya injini iliyofunguliwa anakunywa chai. Hapo, ukiwa na mdomo na muda, unapata karibu kila kitu kilichowahi kufungwa kwenye gari.

Mimi nilianza kupita huko kwa sababu ya mjomba wangu. Anakaa Ilala, kwenye nyumba ya zamani yenye uani mpana na geti la pembeni, na uani hapo kuna Land Rover 109 ya miaka ya 1970. Ilitumikia jeshini, ikachoka, ikauzwa mnadani, ikapita mikono ya watu wawili watatu, mwisho ikaegeshwa chini ya mwembe. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Mjomba alipostaafu akanipigia simu: "Mpwa wangu, si umesoma wewe? Njoo tuifufue. Desemba nataka niwapeleke wajukuu Iringa na gari yangu mwenyewe."

Nikaenda. Nilidhani nitafundisha fizikia. Kwa kweli nilifundishwa mimi, sehemu na fundi wa Gerezani, sehemu na gari lenyewe. Katika makala hii nataka nikupitishe kwenye mambo manne tuliyokutana nayo: kutu, umeme, petroli na breki. Kila moja lina sayansi ambayo wengi tuliisoma kidato cha tatu na cha nne, tukajibu mtihani, tukaisahau. Na mwisho nitakuambia kuhusu ugomvi mkubwa uliotokea uani, kwa sababu pesa ilitosha jambo moja tu kati ya mawili.

Kwanza, jina la mtaa

Kariakoo yenyewe ni jina la kijeshi. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuchukua mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, na eneo hili likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kiswahili kikalitafuna jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, asili ni ileile.

Kwa nini jeshi lenye mizinga lilihitaji wapagazi? Kwa sababu mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na magari ya wakati ule yalizama matopeni. Kilichobaki ni migongo ya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi.

Sasa piga hesabu ndogo. Mpagazi alibeba takriban kilo 25. Land Rover 109 ya jeshi ilihesabiwa kubeba robo tatu ya tani, yaani kilo 750 hivi. Gari moja ni sawa na mizigo ya watu 30, na halihitaji kula njiani. Ndiyo maana gari aina hii, tangu Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, lilienea jeshini, polisi, mbugani na misheni kote Afrika Mashariki. Toleo la mjomba, Series III, lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, karibu mita 2.77.

Kutu: betri ambayo hukuiomba

Watu husema Land Rover haioti kutu kwa sababu bodi yake ni aluminiamu. Ni kweli nusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza, aluminiamu ikapatikana kwa urahisi zaidi, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu na magnesiamu. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta kati ya injini na abiria ni chuma. Fremu za milango nazo ni chuma, zimevishwa aluminiamu kwa nje.

Hapo ndipo shida inapoanza. Chukua metali mbili tofauti, ziguse, kisha zilowanishe kwa maji yenye chumvi. Umetengeneza betri. Metali iliyo tayari zaidi kutoa elektroni inaliwa, nyingine inalindwa. Aluminiamu hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo pale zinapogusana aluminiamu ndiyo inayoumia. Tulipofungua milango ya gari la mjomba, chini kabisa tulikuta unga mweupe kama chokaa. Ule ndio mwili wa mlango, umegeuka kuwa oksidi na hidroksidi ya aluminiamu.

Na chesisi? Chesisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia, hayatoki. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu inaanza. Chumvi ya hewa ya bahari ya Dar haisababishi kutu peke yake, ila inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kazi inakwenda mbio. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo inasukuma, inapasua rangi, maji mapya yanaingia. Chesisi inaoza kutoka ndani huku nje inang'aa.

Ndiyo maana fundi, kabla hajafungua hata bolti moja, alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, ameinamisha kichwa kama anasikiliza redio. Chuma kizima kinalia "ting". Chuma kilichooza kinalia "pwa". Tukapata "pwa" sehemu tatu, zote nyuma. Zilikatwa, zikachomelewa vipande vipya. Angepata "pwa" kwenye vishikio vya springi za mbele, alisema, angemshauri mjomba aliuze gari kwa kilo.

Jaribu mwenyewe: chukua misumari miwili ya chuma isiyo na rangi. Mmoja uzungushie karatasi ya aluminiamu ile ya jikoni, uache ncha wazi, uminye vizuri ishikane. Mwingine uache hivyohivyo. Itie kwenye glasi mbili tofauti za maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya siku tatu nne linganisha. Msumari ulio peke yake utakuwa na kutu nyingi, ule wenye aluminiamu utakuwa na nafuu, na ile karatasi itaanza kutoboka. Hapo umeiona milango ya mjomba kwenye glasi.

Dawa yake ni kukata njia ya umeme. Kati ya chuma na aluminiamu tuliweka mpira mwembamba na rangi, bolti tukazipaka grisi kabla ya kufunga, na matundu ya kutolea maji kwenye chesisi na milango tukayazibua. Hayo matundu mengi yalikuwa yamezibwa na mtu aliyedhani ni kasoro.

Magadi yenye kazi mbili

Vipande vidogo vya chuma, kama bawaba na vishikio, tulivisafisha kwa njia ambayo shangazi hakuipenda, kwa sababu ilitumia magadi yake ya maharage.

Magadi kwa kiasi kikubwa ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu, kitu kilekile kinachojaa Ziwa Natron. Ukiyayeyusha kwenye maji, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne hivi, maji yanapitisha umeme. Weka kwenye ndoo ya plastiki. Tundika kipande chenye kutu, kiunganishe na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Pembeni weka kipande cha nondo, kiunganishe na waya chanya. Visigusane. Washa, subiri saa kadhaa.

Kinachotokea ni kinyume cha kutu. Kutu ni chuma kilichopoteza elektroni. Sasa chaja inarudisha elektroni kwenye kipande chako. Sehemu ya kutu inabadilika kuwa tabaka jeusi laini, na viputo vya hidrojeni vinaibandua iliyobaki. Ukitoa, unasugua kwa brashi inaondoka.

Tahadhari nne, na usizichukulie mzaha. Hidrojeni inalipuka, kwa hiyo fanya nje, mbali na jiko na sigara, na zima chaja kabla ya kugusa waya. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana kinaweza kutoa misombo ya kromu yenye sumu. Usitie aluminiamu, maji ya magadi yanaila. Na usitie springi wala bolti za usukani: hidrojeni inaweza kuingia kwenye chuma kigumu kikawa rahisi kukatika ghafla.

Umeme: kosa la volti 12 ndani ya volti 24

Land Rover za jeshi zilizofungwa redio za mawasiliano mara nyingi zilikuwa za volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. La mjomba ni mojawapo. Kwa nini 24?

Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Taa ya wati 60 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta ampea 5. Kwenye volti 24 inavuta ampea 2.5 tu. Sasa, waya una ukinzani. Tuseme waya wa kwenda taa una ukinzani wa omu 0.2. Joto linalopotea kwenye waya ni ampea mara ampea mara ukinzani. Kwa volti 12: 5 × 5 × 0.2, wati 5 zinapotea. Kwa volti 24: 2.5 × 2.5 × 0.2, wati 1.25. Umepandisha volti mara mbili, hasara imeshuka mara nne. Ni sababu ileile inayofanya umeme wa TANESCO usafiri kwa volti kubwa kutoka bwawani mpaka mjini.

Mjomba alitaka tubadilishe yote iwe volti 12, "kama gari za watu". Nikakubali harakaharaka. Fundi akatucheka: "Msomi, hapa mjini malori yote makubwa ni volti 24. Balbu, stata, alteneta, vyote vipo. Unataka kutupa kitu kizima kwa sababu ya redio?" Alikuwa sahihi. Tukabaki na 24.

Lakini redio na chaja ya simu zinataka 12. Hapo alikuja fundi umeme mwingine, kijana, akafanya kile wanachofanya wengi: akachomoa waya kutoka katikati ya betri mbili. Betri ya chini peke yake ina volti 12, si ndiyo? Redio ikaimba. Baada ya wiki chache betri ya juu ikawa inachemka na kunuka yai bovu, ya chini haina nguvu ya kuwasha gari.

Fikiri kidogo utaona sababu. Alteneta haijui kuna betri mbili. Inaona jumla tu, tuseme volti 28.4, ambayo ingegawanyika 14.2 kwa 14.2. Betri ya chini, kwa kuwa redio inainyonya, imeshuka. Inakaa labda kwenye 13.0. Jumla lazima iwe 28.4, kwa hiyo ya juu inabebeshwa 15.4. Hiyo ni nyingi mno: maji ya betri yanageuka hidrojeni na oksijeni. Betri moja inakufa kwa njaa, nyingine kwa kushiba.

Suluhisho ni kifaa kidogo cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, kinachovuta kutoka betri zote mbili kwa usawa. Madereva wa malori wanakijua. Tukakifunga, tukaweka na fyuzi kwa kila waya, maana gari la zamani lina fyuzi chache kuliko unavyodhani. Waya uliokosa fyuzi ukigusa chesisi unakuwa jiko.

Petroli bila risasi: hofu iliyopitiliza

Kila mzee mwenye gari la zamani atakuambia: "Petroli ya siku hizi inaua injini, haina risasi." Kuna ukweli ndani yake.

Mwaka 1921 mhandisi Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi, ile metali nzito, kikitiwa kwenye petroli kinazuia injini kugonga. Kugonga ni pale petroli inapolipuka yenyewe kabla ya wakati, badala ya kuungua kwa mpangilio. Risasi ilikuwa na faida ya pili: iliacha tabaka jembamba kwenye viti vya valvu, pale valvu ya moto inapogonga kichwa cha silinda maelfu ya mara kila dakika. Bila tabaka hilo, viti laini vinaweza kuliwa taratibu.

Lakini risasi hiyohiyo ilitoka kwenye ekzosi, ikaingia kwenye mapafu na damu. Inaharibu ubongo wa watoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kwa mtoto anayekua kando ya barabara ya Msimbazi, hii ni moja ya habari njema kubwa za afya za karne hii, na wengi wetu hata hatukuisikia.

Je, injini ya mjomba? Ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Inabana hewa kidogo, mara 7 au 8 kutegemea toleo, kwa hiyo haihitaji petroli kali. Kugonga siyo tatizo lake. Kuhusu viti vya valvu, hakuna haja ya kubishana, unapima. Valvu inapozama kwenye kiti chake, nafasi iliyoachwa juu yake inapungua. Kwenye injini hii nafasi hiyo inatakiwa kuwa inchi 0.010, milimita 0.25 hivi. Unairekebisha, unatembea, unapima tena kwa fila. Ikibaki palepale, kiti ni kizima. Ikipungua kila mara, peleka kichwa cha silinda kwa fundi mkereza akakiwekee viti vigumu. Ya mjomba ilibaki palepale. Hofu ya miaka mingi iliondolewa na kipande cha bati chembamba.

Ugomvi: injini au breki?

Sasa tuje kwenye pesa. Kiinua mgongo kilichobaki kilitosha jambo moja kubwa. Mjomba alitaka injini ya dizeli ya Toyota. Gerezani zipo, mafundi wa kuzifunga wapo, na watu wengi wamefanya hivyo. Gari lingepanda milima bila kulalamika na kula mafuta kidogo. Binamu zangu wote waliunga mkono.

Mimi na fundi tulikuwa upande wa breki. Breki za gari lile zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne, bila sevo, na bomba lote la mafuta ya breki ni njia moja. Maana yake ikivuja sehemu moja tu, magurudumu yote yanapoteza breki.

"Mbona jeshini zilifanya kazi?" mjomba aliuliza. Swali zuri. Nikachukua chaki nikaandika ukutani.

Breki haziui mwendo, zinaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 2,000 likienda kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojouli 278. Likienda 90, ni kilojouli 625. Mwendo umeongezeka mara moja na nusu, nishati mara mbili na robo, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa wenyewe. Injini kubwa zaidi inamaanisha utakwenda kasi zaidi, kwa breki zilezile.

Kisha nikaandika Kitonga. Kama umesafiri kwenda Iringa unaijua: barabara inapanda ukingo wa mlima baada ya Ruaha Mbuyuni, kona juu ya kona, malori yanahema, bonde liko pembeni yako. Kwenda unapanda. Kurudi unashuka, na wajukuu wamelala nyuma.

Tuseme unashuka mita 400 kwa wima. Nishati ya kuondoa ni 2,000 × 9.8 × 400, karibu jouli milioni 7.8. Nishati hiyo inatosha kuchemsha ndoo nzima ya lita 20 ya maji ya bombani, ikabaki na ya chai. Yote hiyo, kama unashuka kwa breki peke yake, inaingia kwenye ngoma nne za chuma. Tuseme kila ngoma ina kilo 10. Kama joto lisingepata pa kwenda, ngoma zingepanda zaidi ya nyuzi 400. Upepo unapunguza, lakini ngoma ni kama sufuria lililofunikwa, joto lake halitoki upesi.

Zikipata moto hivyo, mambo matatu yanatokea. Ngoma inapanuka, inajitenga na viatu vya breki vilivyo ndani, unalazimika kukanyaga zaidi. Lainingi inapoteza mshiko. Na la tatu ndilo baya kuliko yote: mafuta ya breki yanachemka. Mafuta mapya ya DOT 3 yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yanavuta unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Dar hewa yetu imejaa unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, kimiminika hakibaniki. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari halisimami. Watu wa nje wanasema "breki zilikatika". Mara nyingi hakuna kilichokatika.

Fundi akaongeza lake, ambalo mimi nisingelikumbuka. Injini ya petroli ukiachia mafuta inajinyonga: kabureta inafunga njia ya hewa, pistoni zinavuta utupu, gari linazuiwa. Dizeli ya kawaida haina mlango huo wa hewa, hivyo ukishuka na dizeli isiyo na breki ya ekzosi inakushika kidogo zaidi ya hapo. "Mzee, unataka kuondoa breki moja uliyonayo, uongeze mwendo, na zile nyingine ziwe mbovu vilevile."

Mjomba hakujibu. Akaangalia ule ukuta muda mrefu, akaingia ndani. Siku mbili hakunipigia. Ya tatu akatuma ujumbe: "Anza na breki."

Tulichofanya

Tulifikiria diski kwa magurudumu ya mbele. Diski iko wazi kwenye upepo, na ikipanuka kwa joto inasogea kuelekea pedi, siyo mbali nazo. Lakini ingebidi kubadili habu na vitu vingine vingi. Tukabaki na ngoma, tukaweka masta silinda ya njia mbili, ya mbele na ya nyuma kila moja na yake, tukaongeza sevo, mabomba na mipira mipya, lainingi mpya, ngoma zikakerezwa ziwe duara kweli. Mafuta tukaweka DOT 4, ambayo yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230 na kuendelea, na tukaandika tarehe kwenye kifuniko. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari limelala.

Mikanda ya viti ilifungwa kwenye chuma cha chesisi kwa vishikio imara. Aluminiamu ya bodi ingechanika kama karatasi. Rangi? Mjomba alitaka ile kijani ya jeshi. Tulimshawishi achague krimu. Gari la raia lisifanane na la jeshi, inakuepusha na maelezo marefu barabarani.

Na kwa wale watakaobadili injini: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na rejesta iko TRA. Ukibadilisha, taarifa za kadi nazo zibadilishwe. Usisubiri siku ya kuuza.

Kitonga, Januari

Walikwenda. Nami nilikuwepo, nimebanwa nyuma na wajukuu na gunia la viazi. Kupanda tulipitwa na kila mtu, hata lori la saruji. Mjomba alinyamaza, binamu zangu wakanitazama.

Kurudi, juu kabisa kabla ya kuanza kushuka, mjomba alisimamisha gari, akaweka gia ya pili, akasema, "Haya." Tukashuka polepole, injini ikiunguruma, breki zikiguswa kwenye kona tu, zinaachiwa, zinapoa. Tulipofika chini akaegesha pembeni. Nikashuka na chupa ya maji, nikadondosha matone machache kwenye ngoma ya nyuma. Yalikauka taratibu, bila kuchemka wala kuruka. Chini ya nyuzi 100.

Mjomba alichungulia kutoka dirishani. "Vipi?"

"Salama, mjomba."

"Injini mwakani," akasema, akawasha gari.